Upande wa Baba

Siku ya arobaini na moja uji ulifika kabla ya saa nane, kama kawaida.

Askari wa lango ndiye aliyeuleta hadi kwenye mlango wa nasari, ile wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aligonga kwa kidole kimoja tu, kama mtu anayeogopa kuwaamsha.

"Mwalimu wa Keumbu," aliniita. "Mzigo wako."

Ilikuwa chupa ile ile ya chai, yenye kifuniko cha buluu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba kwa sababu mpini wake ulivunjika. Nilikuwapo siku ulipovunjika. Ilikuwa kwenye makambi ya kanisa, mwaka juzi. Haron alikuwa amebeba chupa hiyo na vitabu vya nyimbo vya kwaya nzima, nami nilikuwa nimesimama mahali ambapo kijana hangeweza kupita bila kuniangalia. Aliniangalia. Chupa ikaanguka. Akaiacha pale chini akaniuliza jina langu, na wenzake wa sauti ya nne wakacheka mpaka mchungaji akageuka.

"Nimwambie nini?" askari akauliza.

"Mwambie asante."

"Hiyo asante nimeipeleka mara kumi na moja, mwalimu. Siku moja nitadai nauli."

Nilicheka kidogo, nikafunga mlango. Kila Jumanne na kila Ijumaa, tangu binti yetu azaliwe, Haron alikuwa akitoka Nyamira na uji wa wimbi, akisimama langoni saa nzima, kisha akirudi alikotoka. Uji wake niliunywa, yeye nikamkataa. Ulikuwa uji uliochachushwa vizuri, mzito, wa kuleta maziwa, na kila nilipoumeza nilimwona amesimama kule nje na shati lake la mikono mirefu, mikono ambayo hunuka majani mabichi ya chai hata siku ya Sabato. Nilimtamani kwa namna iliyonitia aibu. Kisha nilikumbuka maneno yake ya mwisho, "Esnah, nipe muda," na nikainywa hasira yangu pamoja na uji.

Binti yetu alikuja wiki ya ishirini na tisa. Mama yangu, ambaye huuza ndizi soko la Keumbu na huweza kukadiria uzito kwa macho tu, alimtazama kupitia kioo akasema, "Huyu ni chane moja, tena ya mwisho wa mkungu." Kisha akajifunika uso kwa leso. Mapafu ya mtoto hayakuwa tayari kwa dunia. Siku kumi na tisa za kwanza mashine ilimsukumia hewa puani, na kifua chake kilibonyea kila alipovuta pumzi, ngozi ikiingia katikati ya mbavu kama kitambaa kinachonyonywa na upepo. Nilijifunza kuhesabu pumzi zake. Nilijifunza kuziogopa zile nafasi zilizo kati ya pumzi na pumzi.

Mchana huo Daktari Masese alikuja na faili. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia shingoni, na hapotezi maneno.

"Gramu elfu moja mia nane na kumi," alisema. "Na leo ni siku ya nne anapumua hewa hii hii yako na yangu, bila mrija. Akiendelea hivi, Jumatatu mnaenda nyumbani."

Nyumbani. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Lakini karatasi yako ina pengo, Esnah."

Alinionyesha. Nilikuwa naijua karatasi hiyo kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Ilikuwa na safu mbili. Upande wa Mama ulikuwa umejaa: ndugu yangu Walter, pumu tangu darasa la tatu; mama yangu, ukurutu wa mikono; mimi mwenyewe, kupiga chafya na kuwashwa macho kila mahindi yanapochanua. Upande wa Baba ulikuwa mweupe kabisa.

"Daktari, nikuulize kitu," nilisema. Swali hilo nilikuwa nimelimeza kwa siku arobaini na moja. "Ni hayo ya kwetu yaliyomleta mapema? Ni pumu ya Walter?"

Alivua miwani. "Hapana. Na hilo usilibebe hata hatua moja. Mapafu yake yalisumbuka kwa sababu alikuja kabla hayajakomaa, basi. Ninachouliza ni cha mbele. Mtoto aliyezaliwa hivi anaweza kuwa mwepesi wa kukohoa na kutoa mluzi kifuani miaka yake ya kwanza. Kama pumu na aleji ziko pande zote mbili za ukoo, nitamwita kliniki mara nyingi zaidi, na nitawaambia nyumbani cha kuangalia kabla hamjashikwa na hofu. Kama ziko upande mmoja tu, ni mpango mwingine. Nusu ya ukoo ni nusu ya ukweli. Baba yuko wapi?"

Muuguzi Purity, aliyekuwa akikunja nepi ndogo mfano wa leso za mkononi, alijibu kabla yangu. "Baba yuko langoni, daktari. Amekuwa langoni tangu azaliwe huyu. Hata nyasi za pale zinamjua."

"Basi mwiteni."

Walinitazama wote wawili. Kwa sheria ya wodi hiyo, mama ndiye husema nani aingie.

Labda msomaji wangu ataniona mwenye moyo mgumu. Acha nieleze. Kwetu Kisii, kabla wazee hawajakaa kuzungumzia ng'ombe wa mahari, familia ya kijana humtuma mtu wa kuchunguza kwa msichana. Tunamwita esigani. Huulizia taratibu, kwa majirani, sokoni, hata kisimani: watu hawa ni wa namna gani, wana ugomvi, wana ugonjwa? Esigani wa kina Haron alikuwa Mzee Sylvanus, mtu mpole mwenye kofia ya sufi. Alikunywa chai kwetu mara mbili. Mara ya pili Walter alirudi kutoka shambani akitweta, akatoa pampu yake, akavuta mara mbili mbele ya mgeni. Mzee Sylvanus aliweka kikombe chini. Wiki iliyofuata tulipata habari kwamba mama yake Haron amesema neno moja: "Kwao kuna kifua." Siku ya wazee ikafutwa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na bado sikuwa nimemwambia mtu. Nilipomwambia Haron, alilia, akanikumbatia, akasema nimpe muda azungumze na mama yake. Nikamwambia sihitaji muda, nahitaji mtu. Nikazima simu.

Sasa ukoo uliokuwa ukikataliwa ulikuwa umeandikwa wote, na ukoo uliokataa ndio ulioacha karatasi tupu.

"Aingie," nilisema.

* * *

Aliingia akiinamisha kichwa ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha. Alikuwa amekonda. Ndevu zake, ambazo zamani alizinyoa kila Ijumaa alasiri kabla ya Sabato, zilikuwa zimeachwa zijiamulie. Tulitazamana. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali kwa siku arobaini na moja, na yote yakanikimbia kwa sababu alitazama kwanza miguu yangu, akaona imevimba ndani ya slipa, na uso wake ukaumia kana kwamba yeye ndiye aliyevimba.

"Esnah."

"Haron."

"Umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

"Ulikuwa sawa?"

"Sukari imezidi."

Purity alikohoa. "Haya mapenzi ya sukari yatangoja. Baba, sinki ni hii, sabuni ni ile. Unanawa, unavaa gauni, ndipo unamwona mtoto."

Haron alifungua bomba akanawa vidole, akanawa viganja. Daktari Masese alisimama kando yake na faili.

"Wewe ndiye baba? Vizuri. Swali fupi. Kwenu kuna mtu mwenye pumu? Kifua kinachobana, kikohozi cha usiku, aleji ya chochote, ukurutu?"

"Kwetu hakuna," Haron alisema.

Alisema upesi mno. Alisema kama mtoto anavyosema mstari wa kukariri shuleni, macho yakiwa ukutani. Nililijua jibu hilo. Ndilo alilopewa kila esigani aliyewahi kupita kwao kuulizia dada zake.

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, daktari."

"Hadi kiwiko, baba," Purity akasema. "Huku hatunawi kama watu wa hotelini. Kunja shati."

Maji yaliendelea kumwagika. Haron hakukunja shati.

"Baba, nimesema kiwiko."

Aliinua macho akanitazama kwenye kioo kilicho juu ya sinki. Mimi nilijua kilichokuwa chini ya mikono ile mirefu. Nilikuwa nimekipaka mafuta kwa vidole vyangu mwenyewe, chini ya mti wa parachichi nyuma ya kanisa, yeye akicheka kwamba ninamsinga kama bibi harusi.

"Kunja, Haron," nilisema polepole. "Wote hapa ni watu wa kuponya."

Akakunja. Kwenye mikunjo ya viwiko vyake ngozi ilikuwa nyekundu, nene, imepasuka kwa kukunwa, mkono wa kulia mbaya kuliko wa kushoto. Daktari Masese alivaa miwani yake.

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo. Mama alisema ni jua la shambani."

"Jua linalochagua mikunjo ya viwiko?" daktari aliuliza, lakini bila kumcheka. "Hii ni ukurutu. Na mafua je, hasa asubuhi?"

"Napiga chafya kidogo, nikipima majani ya chai kazini."

"Anapiga chafya kumi na tano," nilisema. "Pale kituoni wakulima huhesabu kwa sauti."

Ndipo hasira yangu ilipopata njia. Ilitoka kwa sauti ya chini, kwa sababu katika nasari hata ugomvi hunong'onwa.

"Haron, mliniacha kwa ajili ya pampu ya Walter. Na wewe ulikuwa unajikuna chini ya shati."

"Nilikuwa najua na sijui."

"Hiyo ni lugha gani?"

"Ni lugha ya nyumbani kwetu." Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye viwiko vyake. "Kuna mambo yanajulikana lakini hayatajwi. Ukiyataja, mama hupika kimya siku tatu. Nilisema nipe muda kwa sababu nilidhani nitapata siku ambayo atakuwa na furaha, nimwambie, mama, namtaka Esnah hata kwao kungekuwa na vifua mia. Siku hiyo haikuja. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga, Esnah. Sikuacha kukupenda hata asubuhi moja. Niliogopa tu."

"Kupenda kwa kuogopa kunamsaidia nani?"

"Hakumsaidii mtu. Nimejua hapo langoni."

Nilitaka kumfuta yale maji kwenye mikono. Nilijishika vidole.

"Njoo umwone," nilisema.

* * *

Alisimama mbele ya mtoto kama watu wanavyosimama mbele ya kaburi au mbele ya madhabahu, asijue mikono aiweke wapi. Binti yetu alikuwa amelala chali, kofia ya sufi ya manjano ikimfika kwenye nyusi, kadi iliyobandikwa miguuni ikisema: MTOTO WA ESNAH. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka haraka. Bado kilibonyea kidogo, hapo chini ya mbavu, kila alipovuta.

"Anachoka?" Haron alinong'ona.

"Anafanya kazi," nilisema. "Wewe unapumua bure. Yeye anapumua kwa jasho."

Wakati huo nilisikia sauti upande wa pili wa kioo, kwenye veranda. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa tumboni. Niligeuka. Mwanamke mmoja wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vyote, alikuwa amebandika viganja vyote viwili kwenye kioo, akitazama kifua cha mwanangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, kwa mbali, lakini nilimjua.

"Umekuja na mama yako?"

"Amekuja mwenyewe," Haron alisema kwa aibu. "Alisema akikaa nyumbani Ijumaa nyingine moja atapasuka. Ameacha hata maandalizi ya Sabato. Esnah, nisamehe, nilimwambia akae kwenye benchi."

Purity alifungua mlango nusu. "Mama, ukitaka kuingia unangoja ruhusa..."

"Siingii," mama yule alisema. "Siingii, binti yangu. Naona kutoka hapa." Na macho yake hayakuondoka kwenye kifua kile kidogo. "Anapumua kama Nyakerario."

Haron aligeuka. "Nyakerario ni nani?"

Mama yake alikuwa ameanza kuteremka taratibu pale kwenye kioo, mpaka Daktari Masese akatoka, akamdaka akamketisha kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni.

"Nani Nyakerario, mama?" daktari aliuliza. Hakuishika kalamu. Alimshika mkono.

"Ni mtoto wangu wa kwanza."

"Mama," Haron alisema, "wa kwanza ni dada Nyamoita."

"Wa kwanza ni Nyakerario. Wewe ulikuwa na miaka miwili, hukumbuki. Nyamoita alikuwa na minne, nilimkataza kukumbuka." Alivuta pumzi. "Alikuwa na miaka sita. Alikuwa na ngozi ya kuwasha kama yako, na kifua. Kikimshika alikuwa anaketi hivi, mikono kwenye magoti, anavuta, hapa chini panaingia ndani. Kama huyu. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kwetu ya chai. Nikamlaza jikoni karibu na moto apate joto. Akikohoa, mimi naongeza kuni. Akikohoa tena, naongeza kuni. Mungu, Nyasae, ananijua. Nilikuwa nadhani namsaidia."

Mashine za watoto wengine zililia taratibu, tii, tii.

"Asubuhi nikambeba mgongoni kwenda zahanati. Nilikuwa nasikia kifua chake kwenye mgongo wangu, kinapiga mluzi. Tukiteremka kuelekea darajani, mgongo ukanyamaza."

Haron aliketi sakafuni, pale pale, na gauni lake la karatasi.

"Tukasema ni malaria. Baba yako alisema, tukitaja kifua, nani atatuoa, nani tutamwoa? Kila esigani aliyekuja, tulimwambia kwetu hakuna. Dada zangu wamezaa wasichana saba. Kila anapozaliwa mmoja wanauliza, tumpe jina la Nyakerario? Nami nasema hapana, msimwite, asije na kile kifua." Ndipo aliponitazama mimi, kwa mara ya kwanza. "Sylvanus aliporudi na habari ya ndugu yako na pampu yake, sikusikia habari ya ndugu yako. Nilisikia mgongo wangu. Sikukuchukia, mwanangu. Nilikukimbia."

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Nilikuwa nimeilisha vizuri, na mtu haachi kirahisi kitu alichokilisha. Lakini nilikuwa na siku arobaini na moja za kuhesabu pumzi, na hapo mlangoni alikuwa ameketi mwanamke wa pekee katika Nyamira nzima aliyejua hesabu hiyo ni nini.

"Ulipokimbia, mama," nilisema, "uliniacha na nani?"

"Peke yako."

"Peke yangu. Siku ya kwanza walinipa karatasi niweke sahihi, sikuwa na mtu wa kunishikia kalamu."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," alikubali. "Nilichojua ni uji tu."

Nilimtazama Haron. Haron alitazama sakafu.

"Kwani wewe ulidhani mwanamume anajua kuchachusha wimbi?" mama yake aliuliza, na kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita usoni mwake kikatoweka. "Huyu huunguza hata maji. Nilimwambia asiseme ni wangu, usije ukaumwaga."

Purity alicheka kwa pua, akajifanya anapanga chupa za maziwa. Mimi nilicheka pia, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba ninalia.

Daktari Masese sasa alichukua kalamu. Aliandika polepole, akisoma kwa sauti ili kila mtu asikie kinachoandikwa. "Baba: ukurutu, mafua ya aleji. Shangazi wa mtoto, Nyakerario: ukurutu, dalili za pumu, alifariki akiwa na miaka sita." Alisimama. "Mama, hukuambiwa na mtu kuhusu moshi. Sasa nakuambia, na ndiyo sababu nauliza. Huyu asilale jikoni, wala asikae kwenye moshi hata dakika moja ya kuota moto. Chanjo zote, kliniki zote. Akipatwa na mluzi, kuna dawa, na mtajua kuitumia kabla hamjaihitaji. Pumu si lazima impate. Ikimpata, anaweza kuishi nayo mpaka akawa bibi kama wewe. Lakini siwezi kumlinda na kitu mnachonificha."

"Hatufichi tena," Haron alisema kutoka sakafuni. Alisimama, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye mstari wa mtu aliyetoa habari. Aliandika majina yote matatu.

* * *

"Sasa, baba," Purity alisema, "ni saa tisa. Huu ni wakati wa kangaruu. Vua shati."

"Nivue shati?"

"Mtoto anakaa kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama amefanya hivyo wiki tatu, mgongo wake umekuwa upinde. Au ulidhani kazi yako ni kusimama langoni?"

Haron alitazama mlangoni, alipoketi mama yake. Mtu mzima wa miaka ishirini na minane, akaona haya kama mvulana.

"Vua," mama yake alisema, akigeuza kiti kikatazama veranda. "Kila mfupa hapo niliuosha mimi."

Alivua. Aliketi kwenye kile kiti changu cha kuegemea. Nilimwinua binti yetu kwa mikono miwili, nikamlaza wima katikati ya kifua cha baba yake, kichwa kikigeukia kushoto, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura. Ilibidi niiname. Ilibidi nipitishe leso nyuma ya mgongo wake, mkono wangu ukizunguka mbavu zake, shavu langu likikaribia bega lake. Harufu ya majani ya chai ilikuwa pale pale nilipoiacha. Nilifunga fundo polepole kuliko ilivyohitajika.

"Esnah," alisema sikioni mwangu, karibu bila sauti.

"Usiongee. Anasikia moyo wako."

"Basi asikie."

Mtoto alihangaika kidogo, akatafuta, akapata. Kisha pumzi zake, zile za haraka haraka, zikaanza kushuka mwendo. Nilizihesabu kwa mazoea. Haron naye alipunguza zake ili azifuate za mwanawe, akawa anapumua kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuthubutu kuyafuta kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.

Nilisimama nikiwatazama. Kwa siku arobaini na moja nilikuwa nimemtamani mtu huyu, na sasa alikuwa hatua moja kutoka kwangu, na bado nilimtamani. Nilifahamu kwamba mtu anaweza kurudi leo na pengo likachukua muda kujaa. Mapafu yenyewe hayakomai kwa siku moja.

Nilitoka hadi mlangoni. Mama yake alikuwa bado amekipa chumba mgongo.

"Mama," nilisema. "Jina hilo. Bado mnaliogopa?"

Alitazama nguo ndogo zilizoanikwa kwenye uzio wa veranda.

"Naliogopa," alisema. "Na ninalitamani. Miaka ishirini na sita sijamwita mtu kwa jina hilo."

"Basi utaliita wewe, kabla sijaliandika. Mimi ni mwalimu, siandiki jina ambalo mwenyewe haliitikii."

Purity alimnawisha mikono hadi viwiko, akamvika gauni. Aliingia kwa hatua ndogo ndogo. Alifika mbele ya mwanawe, akainama kwenye ile kofia ya manjano, na midomo yake ikajaribu mara mbili bila sauti kutoka.

"Nyakerario," aliita.

Binti yetu hakufungua macho. Alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Bibi yake alizisikiliza zote mbili, kisha ya tatu, kisha ya nne, mkono akiwa ameuweka nyuma, mgongoni mwake mwenyewe.

Purity aliibandua ile kadi ya miguuni, akageuza upande mweupe, akanipa kalamu.

Saa kumi kengele ya wageni ililia. Sabato huingia jua linapotua, jua halingemngoja mtu njiani, na Nyamira si hapa. Haron alinirudishia mtoto kwa taabu, kana kwamba wameshonwa pamoja. Alivaa shati lake. Sasa mikono aliiacha imekunjwa.

"Esnah, nirudi?"

"Kesho saa tisa. Ni zamu yako."

"Kesho ni Sabato."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitatoka kanisani nije moja kwa moja," alisema haraka. "Kumbeba mtoto si kazi."

"Utajua kesho kama si kazi."

Nilimpa ile chupa tupu. Vidole vyetu vilikutana kwenye ile kamba ya mgomba, na hakuna aliyeharakisha kuachia. Sikumwambia nimekusamehe. Sikumwambia nakupenda. Nilimwambia amweleze mama yake apunguze sukari, na uso wake ukang'aa kana kwamba nimemwimbia.

Walipokwisha kuondoka, nilifungua vifungo vya gauni langu, nikamlaza Nyakerario kifuani, nikajifunga leso ile ile. Bado ilikuwa na joto la Haron. Niliketi ndani ya joto hilo bila kutikisika, nikihesabu pumzi za mwanangu, na kwa mara ya kwanza nilihesabu pia saa zilizobaki kufika saa tisa.